Tuligombana Kuhusu Remmy

Alhamisi ya tarehe 4 Desemba 2025 Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walitia saini makubaliano ya amani mjini Washington, mwenyeji wao Donald Trump akisimamia shughuli. Jumatano iliyofuata, tarehe 10, waasi wa M23, wanaosaidiwa na Rwanda, walikuwa ndani ya Uvira, Kivu Kusini. Wachambuzi redioni walihangaika kuyashona mambo hayo mawili yawe habari moja, uzi ukawakatikia, wakaishia kutuambia tusubiri.

Mimi ni mtu wa Uvira. Naishi Kashojwa, upande wa Base Camp katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na riziki yangu ni kibanda cha kuchaji simu: paneli za sola juu ya bati, betri za gari, ubao wenye soketi. Simu huletwa zimekufa. Zikipata moto kidogo huanza kulia zote kwa pamoja, kila moja ikimwaga sauti za watu waliokuwa wakimtafuta mwenyewe usiku kucha. Kwa hiyo mtangazaji alipofika kwenye habari ya Uvira, sisi pale kibandani tulikuwa tumeimaliza. Tangu mwanzo wa juma simu za watu wa Kivu Kusini zilikuwa hazinyamazi, na mtu hahitaji kuelewa lugha ya ujumbe ili ajue kwamba anayeongea anaongea huku anatembea haraka.

Nina maoni makali kuhusu wiki ile na sioni sababu ya kuyapoza.

Sherehe ya Washington ilifanyika katika jengo la Taasisi ya Amani ya Marekani, ambalo wiki hiyohiyo lilibandikwa jina la Trump mwenyewe. M23, ambao bunduki zao zilikuwa zikilia bonde la Ruzizi wakati kalamu zinapita mezani, hawakuwa sehemu ya makubaliano yale. Mazungumzo yao na Kinshasa yalikuwa na ukumbi wake, Doha. Kilichozungumzwa kwa raha ni madini. Sina ugomvi na Mkongomani kuuza kobalti na shaba yake. Imekuwa ikiuzwa bila yeye kuulizwa tangu enzi za Wabelgiji, basi safari hii angalau rais wake yuko kwenye picha. Ila biashara iitwe biashara. Ukiivalisha joho la amani, usije siku sita baadaye ukaniomba nishangae.

Halafu ile orodha ya miji. Kamanyola, Luvungi, Sange, Kiliba. Mtangazaji aliisoma kama mtu anayehesabu ngazi. Hayo ni majina ya barabara niliyoipita utotoni nikiwa juu ya lori la mizigo, na Kiliba ni penye kiwanda cha sukari, ambako mashamba ya miwa yalikuwa yanakuambia kwamba Uvira si mbali tena. Mwandishi wa habari hana kosa, hakuzaliwa huko. Lakini nilitamani mmoja tu kati yao aseme Sange pana nini, kabla hajasema Sange imeangukia kwa nani.

Na Kagame. Hili watu wa hapa hulisema kwa sauti ya chini, mimi naliandika. Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokuwa wakiikimbia Rwanda, na Kagame mwenyewe alikulia katika kambi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda. Amekula posho kama tunavyokula sisi. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mtu aliyewahi kupanga foleni na sufuria hawezi kumpangisha mwenzake. Sasa naona foleni haimfundishi mtu lolote la lazima. Wengine hutoka wamejifunza huruma, wengine hutoka wamejifunza kwamba asiye na jeshi ndiye anayepanga foleni.

Takwimu nazo. Umoja wa Mataifa ulitaja watu 200,000 hivi waliohama makwao katika mapigano ya mwanzoni mwa Desemba, maelfu yao wakivuka kuingia Burundi. Ni namba kubwa, na naamini ni ya kweli. Ila sisi tunaopokea ujumbe wa sauti tuna ugonjwa wa kutaka namba ndogo. Nilitaka kujua kuhusu watu wanne. Sauti ya Amerika, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilinyamazishwa mwezi Machi 2025 pamoja na shirika zima, huenda nayo isingenitajia hao wanne, lakini ilikuwa na waandishi wa Kivu waliojua kutamka majina ya mitaa. Ilipoondoka, wazee hapa walibaki wakizungusha kitufe cha redio saa ileile ya zamani na kukuta mkwaruzo. DW na RFI wanajitahidi. Mwezi Mei Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoondoa watu milioni moja kwenye orodha ya msaada wa chakula Uganda kwa kukosa fedha, hapa tulipata muda mwingi zaidi wa kusikiliza redio, na redio zikawa zimepungua.

Jumanne tarehe 9 ilikuwa Siku ya Uhuru wa Tanganyika. Serikali ya Tanzania ilifuta sherehe, na watu wa Dar es Salaam waliotangaziwa maandamano walikaa ndani huku askari wakizunguka mitaa mitupu, wiki chache baada ya damu ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba. Nitapita hapo haraka kwa sababu si nchi yangu. Naitaja kwa sababu ya mtu mmoja aliyeihamia.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Alipiga muziki Kongo kisha akavuka, na mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy. Bendi hiyo ina historia inayotuhusu: iliundwa Kampala na Wakongomani, na ikahamia Dar es Salaam miaka ya 1970 ikiukimbia utawala wa Idi Amin. Yaani ni bendi ya wakimbizi wa mara mbili. Baadaye Remmy akaenda Matimila, ikawa Super Matimila, naye akawa Dokta Remmy, hadi kituo cha daladala huko Sinza kikachukua jina lake. Mwaka 1989 alirekodi Uingereza albamu iliyotolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel: Songs for the Poor Man. Hiyo ndiyo albamu yangu. Kama moto ungeshika kibanda na nikabaki na kadi moja ya memori, ningechukua hiyo na kuacha ile yenye picha za harusi yangu, na mke wangu anajua.

Sikuipata kama kitu kamili. Niliingiziwa mjini Mbarara, na kijana mwenye kompyuta na spika mbili anayejaza nyimbo kwenye kadi, katika folda ya zilipendwa iliyochanganya Franco, Mbaraka Mwinshehe na kwaya ya Kigoma. Simu yangu hupanga nyimbo kwa alfabeti. Kwa hiyo kwangu Karola huja kabla ya Kipenda Roho, Nasikitika hukaa katikati, na Sauti ya Mnyonge huja karibu na mwisho, wakati mteja wa jioni amekwisha kuchukua simu yake. Nimewahi kuambiwa mpangilio wa kweli si huo. Sitaki kuujua.

Ninachokipenda ni hiki. Magitaa ya Super Matimila hayana haraka ya kukuonea huruma. Solo inaingia safi, ridhim inaisindikiza kama jirani asiyependa kuingilia, besi inabaki chini ikitembea, na Remmy anaanza kuongea. Ndiyo, kuongea: sauti yake ina mikwaruzo, hana utamu wa waimbaji wa Kinshasa, na hajaribu kuupata. Anamsemesha mtu. Maskini katika nyimbo zake hazungumzwi akiwa hayupo. Yuko chumbani, ameketi, anaambiwa mambo yake usoni, na mara nyingi ni Remmy mwenyewe. Halafu linakuja chemko, lile sisi wa Kongo tunaliita sebene, na yule aliyekuwa akiambiwa shida zake anatakiwa ainuke acheze. Hapewi muda wa kujihurumia. Kuna watu huona hapo ndipo wimbo unapomkimbia msikilizaji, unamwacha na kiuno badala ya jibu. Naona kinyume. Jibu halipo, na Remmy hajifanyi kuwa nalo, tofauti na waliotia saini Washington. Anachotoa ni nguvu ya kusimama wakati umekwisha kuambiwa ukweli.

Albamu iliyofuata Real World, Mambo ya 1992, siipendi sana, na nitagombana na yeyote. Baadhi ya nyimbo aliimba kwa Kiingereza ili Wazungu waelewe. Nao huenda walielewa. Mimi nilihisi kama mtu aliyekuwa akiongea nami amegeuza kiti.

Basi Jumatano ile ya Uvira, baada ya kupata habari za wawili kati ya watu wangu wanne, niliwasha spika nikaweka Remmy. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Akaja mzee mmoja jirani yangu kuchukua simu yake. Ni Munyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, wa milima ya Minembwe, mtu wa kanisa, mwenye kofia asiyoivua hata joto likizidi. Akasimama akasikiliza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "wiki hii ndiyo unapiga dansi?"

Nikamjibu kwamba hiyo si dansi ya kufurahia, mzee wangu, sikiliza maneno. Akasema maneno ameyasikia tangu mimi sijazaliwa, na kwamba muziki wa baa ni muziki wa baa hata ukiwekewa maneno ya msiba. Nikamwambia Remmy huyuhuyu, akiwa na Makassy, alitunga Siku ya Kufa, wimbo wa kumlilia rafiki, na watu waliucheza na hakuna aliyesema amemtukana marehemu. Hapo mzee akatoa silaha yake. Akanikumbusha kwamba Remmy mwishoni mwa maisha yake aliiacha dansi, akaokoka, akaimba injili. "Yeye mwenyewe aliona," akasema. "Wewe unabaki na kile alichokitupa."

Ilikuwa hoja nzuri, iliniuma. Nilijibu kwamba mtu akihama nyumba aliyoijenga, waliomo ndani hawalazimiki kulala nje. Yeye akasema nyumba hiyo ina pombe. Kijana wa Kisomali aliyekuja na simu mbili akacheka, akauliza Remmy ni mchezaji wa timu gani. Mama wa Kirundi anayeuza mandazi mbele ya kibanda akasema sote wawili hatujui tunachokisema, Remmy alikuwa mzuri kabla ya Wazungu kumchukua, kwenye kanda za Redio Tanzania, na kwamba baba yake alikuwa nazo katika kambi ya Mtabila, Tanzania, kabla haijafungwa. Mzee akaondoka bila kuaga vizuri. Kesho yake asubuhi akarudi, simu yake ikiwa bado na moto, akaendelea pale tulipoishia.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa mbali hawezi kulijua. Kashojwa haikuipokea habari ya Uvira kwa uso mmoja. Kwangu mimi mji wangu ulikuwa umeingiliwa na jeshi linalosaidiwa na nchi jirani, na ndugu zangu walikuwa barabarani kuelekea mpaka wa Kavimvira na mabegi kichwani. Kwa mzee yule, Uvira ni mji ambao Septemba mitaa yake ilifungwa kumkataa Jenerali Olivier Gasita kwa sababu ni Munyamulenge. Mji ambao vijana wa Wazalendo, wanamgambo wa upande wa serikali, walikuwa wakiwaambia watu wenye sura ya wajukuu wake warudi kwao, na kwao kukiwa hapohapo. Na ng'ambo ya mpaka huo ambako ndugu zangu walikuwa wanakimbilia usalama kuna Gatumba, ambako usiku mmoja wa Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wabanyamulenge, waliuawa kambini. Katika Nakivale kuna watu waliookoka usiku ule. Njia ninayoiona mimi kuwa ya kutokea, yeye anaiona kuwa kaburi.

Tunachota maji bomba moja. Mke wangu na binti yake husukana. Hakuna hata siku moja tuliyowahi kuzungumza habari ya M23 tukiwa wawili, na naamini hatutaizungumza. Si woga tu. Kila mmoja wetu ana maiti zake, na ukianza kuzihesabu mbele ya mwenzako, unachotaka ni kushinda. Kwa hiyo tuligombana kuhusu Remmy. Alhamisi tuligombana kwa sauti, hadi mama wa mandazi akahamisha meza yake. Mzee alisema mambo kuhusu vijana wanaocheza watu wakifa ambayo hayakumhusu Remmy hata kidogo, na mimi nilisema mambo kuhusu wazee wanaonyamaza ambayo hayakuhusu muziki. Tulijua. Uso wake ulinionyesha kwamba anajua, na wangu nadhani haukuficha.

Wasomi watasema huko ni kukwepa. Mimi nasema ni afadhali. Tulipata jambo ambalo tungeweza kukosana juu yake kwa nguvu zote na bado kesho yake akaniletea simu. Diplomasia ya Washington haikuwa na kitu cha aina hiyo; kule kila neno lilikuwa na bei, hivyo kila mtu alitabasamu.

Ijumaa nilikwenda Mbarara kununua nyaya na kichwa cha chaja. Mji wote ulikuwa wa manjano, mabango ya Museveni kila nguzo, uchaguzi wa tarehe 15 Januari ukikaribia, na yeye akiwa madarakani tangu 1986. Mkimbizi hapigi kura, lakini anaweza kusoma mabango bure. Ndani ya taksi redio ilikuwa ya Kinyankole, siasa na matangazo ya dawa ya kupe. Uvira haikutajwa, na sikuitegemea. Kila mji una haki ya kuwa na ng'ombe wake.

Dukani mwenye duka alinijibu Kiswahili changu kwa Kiingereza. Si mara ya kwanza. Vijana wa Mbarara wanajifunza Kiswahili, serikali yao ilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini wenye umri wa mwenye duka huyu walikisikia kwanza vinywani mwa askari, wa Amin kisha wa Tanzania walioingia mjini humo Februari 1979 na kuubomoa. Nilimlipa kwa Kiswahili, akanirudishia chenji kwa Kinyankole, tukaachana salama. Njiani nilimfikiria Remmy, ambaye alikuta Tanzania ambayo Kiswahili kilikuwa cha kutongozea, cha kuhutubia na cha kulilia, akakitumia kwa yote matatu. Angefika Mbarara badala ya Dar es Salaam mwaka ule wa 1978, sidhani kama tungekuwa na albamu ya kugombania.

Kijana wa kadi za memori nilimkuta palepale. Nilimwomba Mambo, ile nisiyoipenda, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika ya chuki yangu kabla ya kurudi kwa mzee. Hakuwa nayo.

Jumamosi tarehe 13 Desemba ilitimia miaka 15 tangu Remmy afariki Dar es Salaam. Redio niliyoisikia mimi haikumtaja. Ilikuwa na Uvira. Nilipiga albamu yote tangu asubuhi, kwa alfabeti. Mzee alipita kwenda sokoni, akapita kurudi, safari zote mbili akatazama mbele. Mchana alimtuma mjukuu wake alete simu. Nilipoichomeka iliwaka na ujumbe wa sauti ukaanza kucheza wenyewe, mwanamke akilia kwa Kinyamulenge. Nikazima spika ya Remmy hadi ujumbe uishe, kisha nikaiwasha tena.

Wiki iliyofuata M23 walitangaza kwamba watajiondoa Uvira kwa ombi la Marekani. Dada yangu, wa tatu kati ya wale wanne, alikuwa amefika Bujumbura, akanipigia kuuliza kama habari hiyo ni ya kuamini na kama ajiandae kurudi. Nilimwambia asiwasikilize M23, wala Kinshasa, wala mimi niliyeko Uganda na spika yangu. Atafute namba ya mwanamke yeyote anayeuza ndagala bandarini Kalundu, amuulize kama mitumbwi inatoka usiku, na kilo ni bei gani.